Hayati Sokoine na Walimu wa Kilimo

Hayati Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti, 1938, katika jamii ya wafugaji. Baada ya masomo ya sekondari alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Shahada ya kilimo hakuwa nayo. Mwaka 1965 alichaguliwa Mbunge, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu. Aliurudia wadhifa huo Februari, 1983, akaongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo afanye kazi.

Tarehe 12 Aprili, 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari, alifariki kwa ajali huko Dakawa, Morogoro. Barabara ni hii hii ipitayo Mbezi Luis ninapoishi. Julai mwaka huo, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa Morogoro, kilifanywa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake.

Huko ndiko niliposomea ualimu wa kilimo, kabla ya kuingia serikalini. Tulisoma udongo, mimea, mifugo na mbinu za kufundisha. Lakini ndugu zangu, katika shule nyingi jembe ni adhabu ya mchelewaji. Mtoto akishalichukia, mwalimu wa kilimo atamfundisha nini? Sokoine alihimiza kazi. Mwenye shahada ya chuo chake na atangulie yeye shambani, wanafunzi wamfuate.