Umar bin Khattab na Daftari la Mafukara



Jina la Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) si geni kwako. Tangu madrasa umesimuliwa ukali wake na uadilifu wake, na jinsi dola mbili kubwa za zama zake zilivyotikisika akiwa yeye kavaa kanzu yenye viraka. Leo tuyaache hayo kidogo. Nataka tukae na Umar wa daftari, yule aliyetaka kila mtu aandikwe kwa jina lake, ili apate fedha yake mkononi mwake bila kumwomba mtu.

Alizaliwa Makka karibu mwaka 584, katika ukoo wa Bani Adiyy. Usidhani alilelewa kwenye mito ya hariri. Utotoni alikuwa mchungaji wa ngamia wa baba yake, na mzee mwenyewe alikuwa mgumu, akimchosha kwa kazi na kumpiga akizembea. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni khalifa, alipita Dhajnan, mahali alipokuwa akichunga karibu na Makka, akawakumbusha wenzake hali aliyokuwa nayo pale. Basi ukimsikia mbele akihangaikia wachungaji, ujue hakuhadithiwa. Alisilimu kwenye mwaka wa sita wa utume, na alipofariki Abubakar (R.A.) mwaka 13 Hijria (634) akashika ukhalifa.

Mwaka 18 Hijria (639) mvua iligoma Hijaz. Ardhi ikawa kama majivu, na mwaka wenyewe ukaitwa hivyo, Aamu Ramada. Mabedui walihama mabonde yao wakaja kupiga kambi pembezoni mwa Madina, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na chakula. Abu Ubaida (R.A.) alileta kutoka Shaam misafara ya ngamia 4,000 waliosheheni. Umar akajiharimishia samli na nyama mpaka watu wote washibe, rangi yake ikabadilika. Mvua iliponyesha aliwapa wale watu chakula na vipando warudi kwao. Zaka ya mwaka huo hakuikusanya. Mwaka uliofuata ilitozwa ya miaka miwili, na nusu yake ikagawanywa palepale kwa wenyewe.

Hebu liangalie jambo hili vizuri. Chakula cha msaada kinaokoa roho, hilo halina ubishi. Lakini kinamng'oa mtu kwake. Anaacha kisima, anaacha malisho, anakuja kungoja chungu cha mwenziwe. Umar aliyaona hayo kwa macho yake miezi kadhaa.

Sasa sikia habari ya fedha. Abu Huraira (R.A.) alirudi kutoka Bahrain na dirham 500,000. Umar alipotajiwa hesabu hiyo hakuamini, akadhani jamaa ana usingizi, akamwambia aende alale arudi asubuhi. Asubuhi hesabu ikawa ni ileile! Akawakusanya masahaba kutaka shauri. Sayyidna Ali (R.A.) akaona fedha yote igawanywe kila mwaka, isibakizwe kitu. Sayyidna Uthman (R.A.) akasema mali ni nyingi, na watu wasipoandikwa haitajulikana nani amepata na nani bado. Mwengine akataja kuwa wafalme wa Shaam wana madaftari. Umar akalishika hilo. Likaitwa diwani (si ya mashairi, wala si yule diwani wa wadi wa zamani). Wapo wanaosema ni mwaka 15 Hijria, wengine mwaka 20.

Waandishi walikuwa watatu, mabingwa wa nasaba za Maquraish: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubair bin Mut'im. Walianza na Bani Hashim, wakafuatisha jamaa za Abubakar, kisha jamaa za Umar. Umar akalikataa daftari. Akaagiza watu wapangwe kwa ukaribu wao na Mtume (S.A.W.), na ukoo wake uwekwe pale nasaba itakapouweka. Bani Adiyy walikuja kulalamika. Waliondoka kama walivyokuja.

Fedha hii haikuwa zaka, ilikuwa mapato ya kharaji na jizya, na Umar aliihesabu kuwa ni haki ya watu. Waliopigana Badr walipata dirham 5,000 kwa mwaka, na kuna mapokezi ya 4,000. Mwanawe, Abdullah, alimpunguzia akampa 3,500 wakati muhajirina wa mwanzo wana 4,000, kwa hoja kuwa yeye alihamishwa na wazazi wake, si sawa na aliyehama kwa miguu yake. Na nafaka nayo ilipimwa. Alichukua jaribu moja ya unga (ni kipimo cha zama zile), ikaokwa mikate, akaita watu 30 wakala mchana wakashiba. Usiku akafanya vivyo hivyo. Akapata kuwa mtu mmoja zinamtosha jaribu mbili kwa mwezi, akaziandika kwa mwanamume, mwanamke na hata mtumwa. Yaani alipima tumbo la mtu kabla ya kupanga posho! Ni wangapi leo wanaopanga misaada na hawajawahi kupima?

Lakini hata Umar alikosea, na hapa ndipo moyo wangu hukwama kila nikiisoma sira yake. Mwanzo aliamuru kuwa mtoto ataandikiwa posho akishaachishwa ziwa. Kwa karatasi lilikuwa jambo la busara, kwani anayenyonya hali chakula. Usiku mmoja wafanyabiashara walipiga kambi kwenye uwanja wa kuswalia, yeye na Abdurrahman bin Auf (R.A.) wakaenda kuwalinda. Akasikia mtoto analia. Akaenda kumsihi mama amtulize, akarudi. Kilio kikaanza tena, akaenda tena. Mara ya tatu, karibu na alfajiri, akamkemea yule mama. Mama, asiyejua anasema na nani, akamweleza kuwa anamlazimisha mtoto aache ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hatoi kitu ila kwa mtoto aliyeachishwa.

Sharti moja tu kwenye daftari, na mtoto analazwa na njaa ili mama apate dirham.

Alfajiri hiyo aliswalisha watu na kisomo chake hakikusikika vizuri kwa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu mwenyewe mbele ya jamaa, akihofia ni watoto wangapi wa Waislamu wamekufa kwa amri yake. Mnadi akatumwa kutangaza kuwa watu wasiharakishe kuwaachisha watoto, kila anayezaliwa ataandikwa. Barua zikaenda majimboni. Mtoto mchanga akapangiwa dirham 100, na akikua huongezwa. Hata mtoto wa kuokotwa aliandikiwa 100 zake.

Na posho yenyewe ilifikaje? Daftari la kabila la Khuzaa Umar alilibeba mwenyewe mpaka Qudaid, siku kadhaa kwa ngamia kutoka Madina. Watu wakimjia palepale, na hakuna mwanamke, mwanamwali au aliyekwisha olewa, ila alimpa mkononi mwake. Si kwa mume, si kwa kaka, wala kwa mzee wa kabila. Akitoka hapo huenda Usfan akafanya vivyo hivyo. Aliendelea hivyo hadi kufa kwake. Sisi hapa Kenya, tangu 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wamepangiwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na wewe wajua bibi wa kijijini hutumia nauli ya kiasi gani ya bodaboda kuzifuata. Umar ndiye aliyelipa nauli.

Tusifiche, mpango wake ulikuwa na kasoro. Abubakar aligawa sawasawa, Umar akaweka madaraja, na pengo likakua. Imepokewa kuwa mwishoni alitamani akiishi awasawazishe. Alitamani pia mchungaji aliye milima ya San'aa afikiwe na haki yake akiwa hukohuko kwa mifugo yake, bila kuja kujidhalilisha. Na alisema kuwa Mungu akimweka, atawaacha wajane wa Iraq hawamhitaji mwanamume yeyote baada yake.

Siku nne tu baada ya maneno hayo, Dhul Hijja mwaka 23 Hijria (644), alichomwa kisu katika swala ya alfajiri. Akiwa kitandani alimwita Abdullah ahesabu madeni yake. Yalipatikana kama dirham 86,000. Aliyeandika posho ya kila mtoto mchanga alikuwa mdaiwa! Hakuagiza Baitul Mal ilipe. Aliagiza yalipwe kwa mali ya jamaa zake, isipotosha waombwe Bani Adiyy, wale waliowekwa nyuma kwenye daftari, kisha Maquraish, na asivukwe kwenda kwa wengine. Akaomba ruhusa kwa Bibi Aisha (R.A.) azikwe kando ya wenzake wawili, akaruhusiwa. Imepokewa kuwa haikupita Ijumaa baada ya maziko ila Abdullah alikuwa amekwisha ilipa fedha yote mbele ya mashahidi.