Horace Wells: Daktari wa meno aliyejing'olesha gego ili sisi tusilie

Kama hujawahi kuumwa na gego saa nane za usiku Kwa Rhonda, stima zimepotea na chemisti zote zimefungwa, huwezi kuelewa kwa nini nimekaa wiki nzima nikisoma habari za mzungu mmoja aliyekufa mwaka wa 1848. Mimi niliumwa hivyo mwaka jana. Nilimeza Panadol, nikatafuna karafuu za mathe, nikasukutua na maji ya chumvi mpaka ulimi ukachoka. Asubuhi jirani, mtu mzuri tu, akanipa vidonge viwili vya tramadoli alivyobaki navyo alipovunjika mguu. Nikameza kimoja. Jino lilinyamaza kweli. Lakini nilitapika, nikalala hadi jioni, na nilipoamka kitu cha kwanza kuja akilini hakikuwa jino. Kilikuwa kile kidonge cha pili.

Kesho yake nilifika kwa daktari wa meno nikiwa na uhakika ataniandikia vingine. Wapi! Alinidunga sindano ya ganzi, akasubiri, akang'oa, akanipa Brufen na Panadol na kunieleza saa za kumeza. Nikaondoka nimenuna, nikiona nimenyimwa. Ni baadaye, nikipekua simu usiku (mimi ni yule jamaa aliyeacha chuo mwaka wa pili, muda ninao), nilipokutana na Horace Wells. Sasa nadhani najua yule daktari alikuwa akihofia nini.

Wells alizaliwa Januari 21, 1815, katika mji wa Hartford, jimbo la Vermont, Marekani. Kwao hawakuwa watu wa shida. Akiwa na miaka 19 alienda Boston kujifunza udaktari wa meno, na usifikirie alijiunga na chuo. Chuo cha kwanza cha meno kilifunguliwa Baltimore mwaka wa 1840. Kabla ya hapo ulikaa karibu na fundi, ukamtazama, ukashika koleo. Nikisema mtu anaweza kujua kazi bila karatasi, mathe huniangalia vibaya, lakini Wells ni ushahidi wangu.

Mwaka wa 1836 alifungua kazi yake katika Hartford nyingine, hii ya Connecticut. Miaka miwili baadaye alikuwa ameoa Elizabeth Wales na kuandika kijitabu kuhusu meno, ambamo alionya kuwa sukari inaharibu meno. Alikuwa kijana wa miaka 23. Alibuni vifaa vyake mwenyewe, akafundisha wanafunzi, wateja wakaongezeka. Shida yake ilikuwa moja: wateja walilia. Kung'oa jino wakati huo ilikuwa kushikwa mabega, kufungua mdomo na kuomba Mungu.

Si kwamba dawa za uchungu hazikuwepo. Afyuni ilikuwa ikiuzwa, imeyeyushwa kwenye pombe, na mofini tayari ilikuwa imetolewa ndani ya afyuni huko Ujerumani mwanzoni mwa karne hiyo. Watu walikunywa hizo kwa maumivu ya kila aina. Lakini ili mtu asihisi kabisa jino likitoka, ungempa nyingi kiasi kwamba angeweza kusahau kupumua. Ndiyo tabia ya dawa hizi mpaka leo: kipimo kinachonyamazisha uchungu mkubwa hakiko mbali na kipimo kinachonyamazisha pumzi.

Halafu ikaja Desemba 10, 1844. Mtu mmoja wa maonyesho, Gardner Colton, alifika Hartford na mifuko ya gesi ya kuchekesha. Watu walilipa kiingilio kuona wenzao wakivuta gesi, wakicheka, wakicheza ovyo jukwaani. Wells alienda na mkewe. Kati ya waliopanda kuvuta alikuwa Samuel Cooley, kijana wa duka la dawa, ambaye alirukaruka hadi akajigonga mguu vibaya. Aliporudi kukaa, damu ilikuwa inatoka na yeye hana habari. Ukumbi mzima uliona kichekesho. Wells aliona mguu.

Usiku uleule alimwomba Colton alete mfuko wa gesi kesho yake. Na hapa ndipo nilipoanza kumpenda huyu jamaa. Hakutafuta maskini wa kumjaribia, wala mwanafunzi wake. Alikuwa na gego linalomsumbua, akakaa kitini mwenyewe. Colton akashika mfuko, mwenzake John Riggs akashika koleo. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama Wells angeamka. Jino likatoka, na alipozinduka akasema hakuhisi chochote cha maana.

Wiki chache zilizofuata alitumia gesi kwa wagonjwa kama kumi na wenye kuzidi, wengi wao bila tatizo. Hakuchukua hataza, wala hakuificha. Aliwaeleza madaktari wengine wa mji bure, kisha akaamua kwenda Boston, walikokuwa wakubwa.

Januari 1845 akasimama mbele ya wanafunzi wa udaktari wa Harvard, darasa la John Warren, mpasuaji mwenye jina kubwa. Mtu akajitolea kung'olewa jino. Gesi ikavutwa, mfuko ukaondolewa, koleo likaingia, na yule mtu akapiga kelele. Fikiria msanii anazomewa Afraha wimbo wa kwanza tu. Ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi walimwita tapeli, na Wells akarudi Hartford kichwa chini. Cha kuuma zaidi, yule mgonjwa alikiri baadaye kwamba hakuwa amehisi uchungu kama kelele zake zilivyoonyesha. Wells mwenyewe alielewa kosa lilikuwa wapi: mfuko uliondolewa mapema. Pumzi chache zaidi, na pengine jina lake lingekuwa kwenye kila kitabu cha shule.

Baada ya hapo maisha yalimwendea mrama. Aliugua, akafunga kazi, akafungua, akafunga tena. Akafanya maonyesho ya viumbe na mimea, akauza bafu za mvua. Huku nyuma mwanafunzi na mshirika wake wa zamani, William Morton, aliyekuwepo siku ya aibu ile, alijaribu etha badala ya gesi. Septemba 30, 1846 akang'oa jino la mtu bila maumivu, na Oktoba 16 mwaka huohuo akamlaza mgonjwa usingizi katika hospitali kuu ya Massachusetts huku Warren yuleyule akipasua. Safari hii hakuna aliyecheka. Morton akakimbilia hataza. Daktari mwingine, Charles Jackson, akadai wazo lilikuwa lake. Wells akaandika barua magazetini, akasafiri mpaka Paris kutetea haki yake. Vita hivyo havikumfaidi hata mmoja kati ya watatu hao: Morton alikufa akiwa amefilisika, Jackson akamalizia maisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Nitawaacha hapo, wana hadithi zao.

Mwishoni mwa mwaka wa 1847 ikatoka dawa mpya Scotland, klorofomu. Ilikuwa na nguvu kuliko etha na harufu tamu. Januari 1848 Wells alihamia New York kuanza upya, mke na mtoto wakabaki Hartford. Alitaka kuijua klorofomu kama alivyoijua gesi, kwa mwili wake mwenyewe. Akavuta. Kesho akavuta tena. Hakukuwa na mtu wa kushika mfuko, hakuna Riggs wa kumwangalia kama anaamka vizuri, hakuna aliyehesabu. Mara ya kwanza alijaribu dawa mbele ya wenzake kwa dakika chache, kwa sababu moja, jino moja. Mara hii alikuwa peke yake chumbani.

Siku alipofikisha miaka 33, akiwa amechanganyikiwa kwa dawa, alitoka barabarani na kuwamwagia wanawake wawili asidi. Sitamtetea kwa hilo. Wale wanawake hawakuwa sehemu ya ugunduzi wowote, walikuwa wanapita tu. Akakamatwa na kutiwa jela. Akili ilipomrudia na kuona alichofanya, aliwaandikia watu barua, kisha akajiua mle ndani. Alikufa Januari 24, 1848. Siku chache kabla, chama cha madaktari cha Paris kilikuwa kimeamua kumtambua kama mtu wa kwanza kufanya upasuaji bila uchungu kwa kutumia gesi. Habari hizo zilifika akiwa amezikwa.

Wiki moja baada ya kung'olewa nilirudi kwa daktari kukaguliwa, na safari hii niliuliza maswali. Alinieleza bila haraka, huku foleni ikingoja nje. Uchungu wa jino, alisema, mara nyingi ni uvimbe na usaha uliofungiwa mahali pasipo nafasi. Kwa hiyo dawa halisi ni kuondoa kinacholeta shida: kutoa usaha, kutibu mzizi au kung'oa. Brufen hufanya kazi pale kwenye uvimbe. Ukiimeza pamoja na Panadol, kila moja kwa kipimo chake, kwa watu wengi waliong'olewa jino huzuia uchungu sawa na dawa za jamii ya afyuni au hata kuzishinda. Tramadoli na kodeini haziugusi uvimbe. Zinaufanya ubongo usijali, na baadhi ya bongo hupenda sana hali hiyo ya kutojali. Hapo niliangalia chini.

Kumbe huwa anaziandika, ila si kwa kila anayelia. Akilazimika kukata mfupa kutoa jino lililozama, au mgonjwa akiwa na vidonda vya tumbo au figo mbovu na hawezi kumeza Brufen, anafikiria. Kisha anauliza: unakunywa pombe? Unameza dawa za usingizi? Una shida ya kupumua usiku? Umewahi kupambana na uraibu? Wewe ni mjamzito? Mtoto wa chini ya miaka 12 hampi kodeini wala tramadoli kabisa, kwa sababu miili mingine huibadilisha dawa hiyo haraka mno na pumzi inazimika. Anayefaa anaandikiwa vidonge vya siku mbili tatu, vya kuhesabika. Na uchungu ukizidi siku ya tatu badala ya kupungua, hataki usikie umeongezewa dawa kali. Anataka urudi, maana huenda damu iliyoganda kwenye shimo imetoka na mfupa umebaki wazi, na hilo linatibiwa kwa mkono.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi kijana aking'olewa magego ya mwisho alirudi nyumbani na chupa nzima ya vidonge vya jamii ya afyuni, na kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuonja. Ni mwaka wa 2018 tu ambapo chama cha madaktari wa meno cha huko kilitangaza kuunga mkono kikomo cha siku saba, na kuwataka wanachama waanze na dawa za kawaida.

Sisi huku tuna yetu. Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, ndiyo maana wengi tulikua na meno ya kahawia, tunacheka mdomo umefungwa, na ukicheka Nairobi wanajua umetoka wapi. Mtu mwenye aibu ya meno haendi kuyaonyesha mapema. Anangoja. Anaweka aspirini juu ya fizi (usifanye hivyo, inaunguza nyama), anaenda chemisti anayejulikana kutouliza karatasi, ingawa sheria inataka tramadoli iandikwe na daktari. Anayefika kwa daktari amechelewa, ana uchungu mwingi, na ameshameza vingi. Najua, kwa sababu nilikuwa mimi.

Gesi ya Wells haikufa naye. Mwaka wa 1863 Colton, yule wa maonyesho, aliirudisha kwenye meno na kung'olea makumi ya maelfu ya watu. Mwaka uliofuata madaktari wa meno wa Marekani walimtambua rasmi Wells, na mwaka wa 1875 sanamu yake ikasimamishwa katika bustani ya Bushnell, Hartford. Leo gesi ileile inatumika kliniki, ikichanganywa na oksijeni, na mtu mwingine ndiye anayeshika kipimo.

Kile kidonge cha pili nilikuwa nimekiweka kwenye kiberiti, juu ya kabati, kwa siku nane. Nilienda nacho siku ya kukaguliwa na kumpa daktari. Hakusema kitu. Alikitia kwenye boksi lake, akavaa glavu mpya na kumwita aliyefuata, mtoto wa kama miaka sita aliyekuwa ameshika shavu.