DAVID SHELDRICK: MLINZI WA NDOVU WA TSAVO

Ukitoka hapa kwetu Kabati, ukapita Kitui mjini, Mutomo na Ikutha, ukazidi kwenda kusini mpaka vijiji vianze kuadimika, utafika mpakani mwa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Maji ya Mto Tiva, unaoteremka kutoka vilima vya Kitui, huelekea huko huko. Kwa hivyo habari za Tsavo ni habari za jirani. Na huwezi kuzizungumza habari hizo bila kumtaja David Sheldrick, mtu ambaye dunia nzima inamsifu, lakini ambaye wawindaji wa Ukambani walikuwa na sababu nzuri ya kumwogopa.

Sheldrick alizaliwa mwaka 1919 mjini Alexandria, nchini Misri. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na babake alikuwa mwanajeshi. Aliletwa Kenya angali mtoto mdogo, na jamaa yake ikawa na shamba la kahawa huko Mweiga, karibu na Nyeri. Alipelekwa Uingereza kusoma, kisha akarudi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka aliingia katika jeshi la King's African Rifles, akapigana Uhabeshi na Burma, akatoka vitani akiwa na cheo cha meja.

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwezi wa Aprili mwaka 1948. Ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, ardhi kame yenye mbung'o na maji haba. Wakoloni waliona haifai kwa kilimo, basi wakaiacha iwe ya wanyama. Lakini jamani, haikuwa nchi tupu! Wakamba walikuwa wakiingia humo kuwinda na kurina asali, Waorma walilisha ng'ombe, na Waliangulu, ambao wenyewe hujiita Wata, waliishi kwa upinde tangu jadi. Kwa mstari mmoja uliochorwa kwenye ramani, mwindaji aligeuka kuwa mwizi.

Mbuga iligawanywa mara mbili, na mwaka 1949 Sheldrick akakabidhiwa upande wa mashariki, makao yake yakiwa Voi. Alikuta pori tu. Hapakuwa na nyumba wala barabara za maana. Yeye na wafanyakazi wake walilala katika mahema, wakafyeka njia, wakajenga madaraja na nyumba. Mwaka 1952 bwawa la Aruba lilijengwa kwenye Mto Voi ili wanyama wapate maji. Kazi hiyo haikuwa mchezo, hasa ukikumbuka jua la Tsavo.

Hata hivyo, kilichomkosesha usingizi ni mizoga. Kila alikozunguka alikuta ndovu wamelala wamekufa, pembe zimeng'olewa. Mshale wenye sumu hauna mlio. Ndovu huchomwa, hutembea kidogo, kisha huanguka. Sheldrick alichunguza akagundua kwamba nyuma ya mwindaji kulikuwa na mnyororo mrefu wa wachuuzi uliofika hadi pwani. Mwindaji alilipwa vipeni tu, naye tajiri aliyeketi kivulini akavuna mali. Kama wasemavyo wahenga, mchimba kisima huingia mwenyewe: aliyefungwa jela alikuwa yule yule maskini wa upinde.

Kati ya mwaka 1956 na 1957 Sheldrick, akisaidiana na Bill Woodley na wenzao, aliongoza msako mkubwa. Aliunda kikosi cha askari waliojua kuishi porini, wengi wao wakitoka makabila ya kaskazini. Walifuata nyayo, wakavamia kambi, wakawahoji waliokamatwa ili wawataje wenzao na wanunuzi. Wawindaji wengi, Waliangulu na Wakamba, walipelekwa gerezani, na ujangili wa mishale ukapungua sana. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana, mashariki mwa mbuga, ili Waliangulu wawinde kwa kibali na kupata riziki halali. Kwa bahati mbaya mpango huo haukuwafikisha mbali.

Basi ndovu wakapata amani, wakaongezeka. Kumbe neema nayo ina mashaka yake! Ndovu ni mlaji mkubwa. Walibambua magome ya mibuyu, wakaangusha miti, na vichaka vizito vikageuka kuwa nyika ya majani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ilikadiriwa kwamba ndovu wa Tsavo na maeneo yanayoizunguka walikuwa wapatao 35,000. Mwanasayansi Richard Laws, ambaye alikuwa amekuja kuwachunguza, alishauri kwamba maelfu wauawe kabla hawajaimaliza mbuga. Sheldrick alikataa. Kwa maoni yake, nchi ile ilikuwa na mzunguko wake, na miti ikipungua, majani yangestawi na wanyama wala majani wangeongezeka. Mvutano ulikuwa mkali, na Laws akaondoka mwaka 1968.

Halafu mvua ikakatika. Katika ukame wa mwaka 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa, wengi wakiwa majike na watoto. Maji yalikuwemo mtoni, lakini chakula cha karibu kilikuwa kimekwisha. Mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji, kwa hivyo walikufa njaa kando ya mto. Madume yaliyoweza kutembea mwendo mrefu yaliponea. Wako waliosema Sheldrick alikosea, kwamba risasi ingekuwa na huruma kuliko njaa. Wengine walisema ndovu walijipunguza wenyewe kama alivyotabiri, na miti ikaanza kuota tena. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Pembe za waliokufa zilizagaa porini, na watu wakaingia kuziokota. Bei ya pembe ilipopanda, wakaja majangili wenye bunduki. Wakati huo huo, mwaka 1976, mashirika ya wanyama nchini yaliunganishwa kuwa idara moja ya serikali, naye Sheldrick akahamishiwa Nairobi baada ya karibu miaka 30 porini. Hakukaa sana. Mwezi wa Juni mwaka 1977 moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka 57.

Waliobaki Tsavo waliona maafa. Hesabu ya mwaka 1988 ilikuta ndovu wamepungua sana. Lakini mkewe, Daphne, aliyekuwa akilea naye ndovu mayatima kama Eleanor, alianzisha shirika kwa jina la mumewe mwaka huo huo wa 1977. Baadaye alifaulu kutengeneza maziwa yanayoweza kumlea ndovu mchanga, jambo lililokuwa limewashinda wengi. Daphne alifariki mwaka 2018. Baadhi ya mayatima hao hurudishwa porini huko Ithumba, kaskazini mwa Tsavo Mashariki, si mbali na mpaka wa Kitui. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata karibu ndovu 15,000 katika eneo zima la Tsavo.

Wanafunzi wenzangu, tumhukumu vipi mtu huyu? Bila yeye, pengine tungemjua ndovu kwa picha tu. Alifundisha kwamba mlinzi wa wanyama lazima kwanza awe mtazamaji mvumilivu. Lakini ulinzi wake ulianzia kwa kuwatoa watu, na mpaka leo mkulima wa Kitui Kusini ndiye hukesha akipiga madebe ndovu wanapoingia shambani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia, lakini fidia haijazi ghala msimu wa njaa.

Kwa maoni yangu, Sheldrick alifanya nusu ya kazi, na akaifanya vizuri. Nusu iliyobaki, ya kumfanya jirani wa ndovu afaidike na ndovu, imeachiwa sisi. Asiyekubali na aje kwenye mdahalo wa chama chetu, tujibizane kwa hoja!