Habari za Maisha ya Dr. Walter Rodney

Mhariri amewataka wanafunzi wa zamani waandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Nami nimemchagua Dr. Walter Rodney, kwa kuwa wengi wetu tumekisoma kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, lakini ni wachache wajuao namna vyuo vikuu vilivyompokea na serikali zilivyomkataa.

Alizaliwa tarehe 23 Machi, 1942, mjini Georgetown, katika nchi ya Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa mshona nguo. Shuleni alikuwa hodari wa majadiliano na wa kuruka juu pia, jambo linalonifurahisha, maana siku zetu wasemaji hodari waliukimbia uwanja wa michezo. Akasoma Jamaica, kisha London, na mwaka 1966 akapata shahada ya udaktari wa historia, naye ana miaka 24 tu.

Mwaka huo huo akaja kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1968 akarudi Jamaica. Huko hakutosheka na darasa. Aliwaendea maskini na Marasta wa Kingston, akaketi nao akiwaeleza historia ya Afrika. Serikali haikupenda. Mwezi wa Oktoba, alipokuwa akirudi kutoka mkutanoni Montreal, akazuiwa kuingia nchini. Kesho yake wanafunzi wakaandamana wamevaa majoho yao, polisi wakawatupia moshi wa machozi, na mji ukaingia ghasia. Kumfungia mlango mwalimu mmoja kulileta kelele kubwa kuliko hotuba zake zote!

Mwaka 1969 akarudi Dar es Salaam, na hapa ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa Desemba vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati walikutana chuoni, naye akawahutubia. Alisema kwamba uhuru wa nchi nyingi za Afrika haukuwa uhuru wa kweli, na kwamba wanyonge wangeupata kwa mapambano. Gazeti la chama cha TANU, The Nationalist, likamkemea kwa ukali, likaonya kwamba Tanzania haitakubali kuwa mahali pa kuchochea watu wapindue serikali za nchi nyingine za Afrika. Rodney akajibu kwa barua, nayo ikachapishwa. Hakufukuzwa, alifundisha pale mpaka mwaka 1974.

Hata hivyo nisimsifu mno mwenyeji. Mwezi wa Novemba, 1970, serikali ilipiga marufuku chama cha wanafunzi wa siasa kali waliokuwa karibu na Rodney, pamoja na gazeti lao, Cheche. Mwenyekiti wa chama hicho hapo kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyeshika Urais wa Uganda mwaka 1986.

Mwaka huo wa 1970 Rodney alikuja Makerere kujadiliana na Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliyefundisha siasa pale. Mmoja aliamini mafundisho ya Marx, mwingine aliyatilia shaka. Watu hubishana hata leo ni nani alishinda. Mimi naona la maana zaidi ni kwamba chuo kilimleta mgeni na kikampa mtu wa kumjibu. Yeyote aliyesikiliza aliweza kupima mwenyewe. Muda si muda, Januari 1971, Amin akatwaa serikali, na mwaka 1973 Mazrui naye akahamia Marekani.

Rodney alirudi kwao Guyana mwaka 1974. Chuo Kikuu kilikuwa kimekwisha kumchagua awe Profesa wa historia, lakini serikali ya Bwana Forbes Burnham ikaingilia kati, akanyimwa kazi. Basi akafundisha nje ya chuo, mahali po pote palipokuwa na watu wa kumsikiliza, akawa miongoni mwa viongozi wa chama cha wafanyakazi. Tarehe 13 Juni, 1980, bomu lilimwua ndani ya gari mjini Georgetown, akiwa na miaka 38. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ilitoa taarifa kwamba mkono wa serikali ya Burnham ulikuwamo. Kitabu chake juu ya historia ya wafanyakazi wa Guyana kilitoka mwaka 1981, yeye mwenyewe asikione.