Shaaban Robert na Maana ya Siasa: Karani, Baraza na Sheria

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, Shaaban Robert amewekwa mara nyingi katika mojawapo ya makundi mawili. Wapo wanaomwona kuwa mwanamaadili aliyejitenga na siasa. Wapo pia wanaomwona kuwa mpinzani wa ukoloni aliyejificha nyuma ya istiari. Ingawa mikabala hii inapingana, yote miwili inaichukulia siasa kuwa kitu kimoja tu, yaani ushindani wa kutwaa na kushika dola. Maisha ya mwandishi huyu yanadai maana iliyo pana zaidi.

Alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Asili ya ukoo wake ilikuwa Uyao, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na mara baada ya hapo aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya Pangani na kwingineko hadi mwaka 1944. Baadaye alihamia Mpwapwa, kisha mwaka 1946 akarejea Tanga, ambako alitumikia ofisi ya wilaya na, tangu mwaka 1952, Idara ya Upimaji hadi mwaka 1960. Kwa hiyo, miaka yake 34 ya utumishi ilipita yote chini ya serikali ya Waingereza.

Nafasi ya karani katika utawala huo inastahili kuzingatiwa. Karani aliandika maneno ya wengine, akanakili amri asizozitunga, na kuona jinsi hatima ya mtu ilivyoweza kuamuliwa kwa barua ambayo mhusika hakuisoma. Mwaka ule ule wa 1926 alipoanza kazi ndipo Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoundwa, bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945, na uchaguzi wa kwanza wa wajumbe ulianza mwaka 1958. Aidha, katika miaka ya 1950 watumishi wa serikali walizuiwa kujiunga na vyama vya siasa. Hata Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu Pugu, alilazimika mwaka 1955 kuchagua kati ya ualimu na uongozi wa TANU. Shaaban Robert alibaki katika ajira. Iwapo siasa ni chama na cheo, basi hakuwa na siasa yoyote.

Hata hivyo, mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya kuundwa kwa TANU, alikuwa amekwisha kutoa Kusadikika. Kisa chake chafahamika: Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo ya manufaa kwa nchi, wakarudi nayo, wakaishia kifungoni. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Karama hatafuti kiti cha mfalme. Anachodai ni kwamba anayeshitakiwa asikilizwe, na kwamba hoja ipimwe kwa uzito wake, si kwa cheo cha aliyeitoa. Anaposhinda, mfalme ni yule yule. Kilichobadilika ni namna ya kuamua. Hapa ndipo fikra ya Shaaban Robert ilipo: siasa huanza pale neno la mnyonge linapopata msikilizaji anayewajibika kulijibu.

Fikra hiyo haiko mbali na historia ya neno lenyewe. Neno siasa lina asili ya Kiarabu, ambako lilihusiana na kutunza na kuongoza farasi kabla ya kuhusishwa na kuongoza watu. Katika Kiswahili cha zamani, kama kamusi za wakati huo zinavyoonyesha, lilibeba pia maana ya upole, utaratibu na uangalifu. Katika matumizi ya leo maana hiyo imefifia, na neno limebaki na dola na vyama, hata kufikia kutumiwa kwa maana ya maneno matupu yasiyo na vitendo.

Mwelekeo huo huo unajitokeza katika Wasifu wa Siti binti Saad (1958). Katika kitabu hicho anayepewa heshima ya kuandikiwa maisha si mtawala, bali mwanamke aliyezaliwa maskini Fumba, Unguja, aliyejipatia hadhira kwa sauti yake. Hali kadhalika, mwandishi mwenyewe alitunukiwa nishani ya MBE na dola iliyomnyima sauti katika baraza lake. Heshima ilitolewa, usikilizwaji haukutolewa.

Alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Kabla ya mwaka huo kwisha, bunge la nchi huru lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wapiga kura sasa walikuwa wananchi, na viti vilikaliwa na wananchi. Lakini lile swali la Karama lilibaki pale pale. Mfumo wa chama kimoja uliothibitishwa kisheria mwaka 1965 haukulimaliza, wala kurejeshwa kwa vyama vingi mwaka 1992 hakukulijibu kwa kuongeza idadi ya washindani peke yake.

Kwa hiyo, kumwita Shaaban Robert mtu asiye na siasa ni kukubali kipimo ambacho kazi zake zilikipinga. Karani huyu, aliyefungiwa mlango wa chama na wa baraza, aliitafuta siasa mahali ilipo bado: katika lugha ya watu wote, mbele ya sheria, baina ya asemaye na awajibikaye kusikiliza.