Bernardino Ramazzini: munganga aliyewauliza wagonjwa wanafanya kazi gani

KINDU – Jimbo la Maniema linajulikana tangu wakati wa ukoloni kwa madini yake: kasiteriti ya Kalima na Punia, dhahabu ya Namoya upande wa Kabambare. Leo wengi wanaoyatoa ardhini ni wachimbaji wa mikono. Katika migodi ya dhahabu ya mashariki mwa Kongo, baadhi yao wanatumia zebaki, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, mercure. Wanaichanganya na mchanga ili inase chembe za dhahabu, kisha wanaichoma kwa moto.

Hatari za zebaki zimekwisha kupimwa, kupangwa na kuandikwa. Lakini kabla ya maabara na kabla ya alama za hatari kubandikwa kwenye vyombo, kulikuwa na munganga mmoja wa Italia aliyeanza kazi hiyo kwa kuingia katika karakana na kuzungumza na wafanyakazi. Jina lake ni Bernardino Ramazzini. Alikufa mwaka 1714, na mambo aliyoyaandika juu ya zebaki yanafanana sana na yale yanayotokea leo pembeni ya mashimo ya dhahabu.

Kutoka Carpi hadi Modena

Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji mdogo wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Alisoma kwanza kwa mapadri Wajezuiti, kisha akaenda Parma kusomea uganga, na mwaka 1659 akapata shahada yake. Alianza kazi katika vijiji vya upande wa Roma, mahali penye malaria nyingi. Ugonjwa huo ukamkamata naye, ikambidi arudi kwao apone.

Mwaka 1671 alihamia Modena, mji uliotawaliwa na ukoo wa Este. Mwaka 1682 aliwekwa kuwa profesa wa uganga katika chuo kikuu cha mji huo. Alichunguza magonjwa ya milipuko, maji ya visima vya Modena na hali ya hewa. Kama angeishia hapo, leo angekumbukwa na wanahistoria peke yao. Kilichobadilisha maisha yake ni choo.

Mfanyakazi wa shimo la choo

Siku moja nyumbani kwake Modena wafanyakazi walikuja kumwaga shimo la choo. Ramazzini alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka ya kupita kiasi, akamwuliza kwa nini hapunguzi mwendo. Yule mtu alimweleza kwamba anayekaa ndani ya shimo zaidi ya saa nne anaharibika macho. Alipotoka, Ramazzini aliyatazama macho yake akayakuta mekundu na yenye ukungu. Aliuliza wanajitibu namna gani, akaambiwa kwamba wanakwenda nyumbani moja kwa moja, wanajifungia katika chumba chenye giza na kuosha macho kwa maji ya uvuguvugu hadi kesho yake.

Hakuishia hapo. Aliwatafuta watu wengine wa kazi hiyo mjini, akakuta wengi wao wamekuwa nusu vipofu au vipofu kabisa, wakiombaomba barabarani. Akaandika pia kwamba sarafu za shaba na za fedha walizokuwa nazo mfukoni zilibadilika rangi zikawa nyeusi. Leo wataalamu wa kemia wanajua sababu: ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, inayotoka katika uchafu unaooza. Inachoma macho, inageuza fedha na shaba kuwa nyeusi, na ikizidi inaua mtu kwa dakika chache. Ramazzini hakujua jina la gesi hiyo. Alichofanya ni kumsikiliza mfanyakazi, kumwangalia, kuwahesabu wenzake, na kutafuta kitu gani ndani ya kazi yao kinawaumiza.

Kitabu cha mwaka 1700

Mwaka 1700 alichapisha Modena kitabu chake kikubwa kwa Kilatini, De Morbis Artificum Diatriba, maana yake ni uchunguzi juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Ndani yake alieleza kazi zaidi ya 40, kila kazi na sura yake. Sura ya kwanza ni ya wachimba madini. Zinafuata za wapaka dhahabu, wafinyanzi, wapaka rangi, watengeneza vioo, wahunzi, waoka mikate, wafua nguo, wakunga, wachimba makaburi na wengine. Mwaka huohuo aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Padua, na huko mwaka 1713 akatoa chapa ya pili yenye kazi nyingine zaidi.

Wengine walikuwa wamekwisha kuandika juu ya wachimba madini kabla yake, hasa Agricola na Paracelsus katika karne ya 16. Upya wa Ramazzini ulikuwa kukusanya kazi nyingi mahali pamoja na kuzitafutia mpango. Aligawa vyanzo vya magonjwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vyenyewe ambavyo mfanyakazi anavishika au kuvipumua: mvuke, vumbi, madini. La pili ni namna mwili unavyotumika: kusimama au kuinama muda mrefu, kubeba mizigo, kurudia tendo moja kutwa nzima.

Tangu zamani waganga walifundishwa kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi, tangu lini na alikula nini. Ramazzini aliwataka waongeze swali moja: mgonjwa anafanya kazi gani. Aliona kwamba swali hilo linasahauliwa hasa mgonjwa akiwa maskini, wakati yeye ndiye kazi inamwumiza kuliko wengine.

Zebaki na dhahabu

Msomaji wa Maniema akifika sura ya wapaka dhahabu ataijua kazi hiyo mara moja. Mafundi wa Ulaya walichanganya dhahabu na zebaki hadi ikawa kama uji mzito, wakaupaka juu ya chombo cha fedha au cha shaba, kisha wakakitia motoni. Zebaki iligeuka mvuke ikatoka, dhahabu ikabaki imeshika. Mchimbaji wa leo anayechoma donge la dhahabu na zebaki juu ya makaa anafanya jambo lilelile, ila yeye anataka dhahabu peke yake.

Ramazzini aliandika kwamba mafundi hao waligeuza uso pembeni wakati wa kuchoma, lakini haikuwasaidia sana. Walipata kizunguzungu, pumu, kutetemeka na kupooza, na wachache walifika uzee. Alieleza habari ya kijana mmoja wa kazi hiyo ambaye hakujikinga na mvuke. Alilala kitandani miezi miwili, rangi ikampotea, pumzi ikawa ngumu, vidonda vikajaa kinywani, akafa bila dalili ya homa.

Katika sura ya wachimba madini alikumbusha maandishi ya waganga waliomtangulia, kwamba wachimbaji wa zebaki walikuwa hawawezi kuendelea na kazi hiyo hata miaka mitatu. Alitaja pia njia za kujikinga zilizojulikana: mashine za kuingiza hewa ndani ya shimo, na vibofu vya wanyama ambavyo Warumi wa kale walijifunika usoni ili wasipumue vumbi la sumu.

Kesi ya Finale

Kisa kimoja katika kitabu chake kinatoka Finale, mji mdogo ndani ya utawala wa Modena. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na kiwanda cha kutengeneza chumvi kali ya zebaki iliyotumiwa kama dawa. Katika kuitengeneza walichoma vitrioli, chumvi ya chuma yenye salfa, na moshi wake ulienea katika mtaa.

Mwenyeji mmoja alimshtaki mwenye kiwanda, akitaka kiwanda kihamishwe. Alileta ushahidi wa aina mbili. Kwanza, cheti cha munganga wa mji. Pili, daftari la parokia la watu waliokufa, ambalo lilionyesha kwamba katika mtaa huo na karibu yake walikufa watu wengi kila mwaka kuliko sehemu nyingine, na kwamba munganga aliona hasa magonjwa ya kifua. Upande wa kiwanda nao ulileta waganga wake. Mwisho wake, mwenye kiwanda alishinda na vitrioli ikatangazwa haina hatia.

Ramazzini hakutoa hukumu yake wazi. Aliwaachia wenye ujuzi wa mambo ya asili waamue kama wanasheria wale walikosea. Lakini kwa kuandika habari za daftari lile aliacha njia ambayo bado inatumika: kuhesabu wagonjwa na wafu wa mahali fulani, kuwalinganisha na wa mahali pengine, kisha kuuliza ni kitu gani kinachowatofautisha.

Hatari zilivyopangwa leo

Imepita miaka 300 na zaidi, na sasa dunia ina mpango mmoja. Mkutano wa Rio wa mwaka 1992 uliomba nchi zipatane juu ya namna ya kupanga hatari za kemikali. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo huo, unaojulikana kwa Kifaransa kwa herufi SGH. Unapanga hatari katika mafungu matatu: hatari za asili ya kitu chenyewe kama kuwaka, kulipuka au kula chuma, hatari kwa afya ya binadamu, na hatari kwa mazingira. Kuna alama tisa zenye umbo la almasi, ili hata asiyesoma aelewe.

Zebaki ikiwekwa katika mfumo huo, fungu la kwanza karibu linadanganya. Haiwaki moto na hailipuki. Ni nzito sana, lita moja ina kilo 13 na nusu, inang'aa na inapendeza mkononi. Lakini inatoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Katika mafungu mengine mawili alama zinajaa. Kichwa cha mfu, kwa sababu mvuke ukivutwa kwa wingi unaua. Mtu mwenye nyota kifuani, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni na inaharibu viungo vya mwili ikiendelea kuingia kidogo kidogo. Mti na samaki, kwa sababu inaua viumbe vya majini. Ikifika mtoni, vijidudu vya matope vinaigeuza kuwa aina nyingine ya sumu inayoingia katika samaki, na kutoka samaki inaingia kwa mlaji.

Shirika la Afya Duniani linaihesabu zebaki kati ya kemikali 10 zinazotia wasiwasi zaidi kwa afya ya watu. Mkataba wa kuidhibiti, unaoitwa kwa jina la mji wa Minamata nchini Japani ambako maelfu walidhurika kwa samaki wenye sumu hiyo, ulianza kutumika mwaka 2017. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi hewani kuliko kazi nyingine yoyote, zaidi ya theluthi moja ya yote inayotoka kwa kazi za binadamu.

Tatizo ni safari ya alama hizo. Zinabandikwa kwenye chombo kikubwa kiwandani. Zebaki ikimiminwa katika vichupa na kuuzwa kidogo kidogo, alama inabaki nyuma. Anayeichoma katika sufuria ya nyumbani, watoto wakiwa karibu, hajawahi kuiona.

Swali lisilo na gharama

Kuna kifaa kinachoitwa retorti, chombo kilichofungwa chenye bomba, kinachokamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Kinalinda mapafu na kinaokoa fedha, maana zebaki hiyo inatumika tena. Pasipo retorti, kuchomea nje, mbali na nyumba, watoto na wanawake wenye mimba, kunapunguza madhara lakini hakuyamalizi. Sufuria iliyochomewa zebaki isirudi jikoni.

Upande wa hospitali, funzo la Ramazzini halihitaji mashine. Mtu aliyevuta mvuke mwingi wa zebaki anaweza kufika na homa, kikohozi na pumzi fupi. Katika nchi yenye malaria kama yetu, munganga asiyeuliza kazi anaweza kumpa dawa ya malaria na kumrudisha palepale kwenye moto. Aliyeivuta kidogo kidogo kwa miaka anatetemeka mikono, anavimba fizi, anasahau, hapati usingizi, na pengine majirani wanasema amerogwa.

Ramazzini aliendelea kufundisha Padua ingawa macho yake yalikuwa yameharibika na wajukuu walimsomea. Tarehe 5 Novemba 1714 alipigwa na kiharusi siku ya kufundisha, akafa akiwa na miaka 81. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1777 na munganga na mkemia Fourcroy. Tangu mwaka 1982 kuna chama cha wanasayansi wa afya ya kazi kinachobeba jina lake, Collegium Ramazzini, chenye makao Carpi alikozaliwa. Na swali lake, mgonjwa anafanya kazi gani, linaweza kuulizwa kesho asubuhi katika kituo chochote cha afya, kuanzia Kindu hadi Salamabila.