Otto von Guericke: Meya aliyeiondoa hewa ndani ya shaba

Katwe, mtaa wa Kampala unaosifika kwa karakana na mafundi wa vyuma, uko mbali na Magdeburg, Ujerumani. Hata hivyo, pampu ya kufyonza hewa anayoibeba fundi wa viyoyozi ilianzia katika mji huo, na mwasisi wake alikuwa meya.

Otto von Guericke alizaliwa Magdeburg mwaka 1602. Alisomea sheria, kisha akajifunza hisabati na ujenzi wa ngome huko Leiden, Uholanzi. Mwezi Mei 1631, katika Vita vya Miaka Thelathini, majeshi ya Kaisari yaliuteketeza mji wake; watu wapatao 20,000 waliangamia. Guericke alitekwa, akakombolewa kwa fedha, kisha akarejea kusaidia kuujenga upya. Mwaka 1646 akawa meya.

Enzi hizo wanazuoni wengi wa Ulaya, wakimfuata Aristotle, waliamini kwamba mahali patupu kabisa hapawezi kuwepo. Guericke hakubishana, alijaribu. Alijaza maji pipa la mbao, akaliziba, akayavuta maji kwa pampu. Hewa ikapenya kwenye mbao kwa mvumo. Akajaribu tufe la shaba. Likabonyea ghafla, kwa kugandamizwa na hewa ya nje. Tufe jingine, lililoundwa kwa uangalifu zaidi, likastahimili.

Mwaka 1654 alionyesha majaribio yake mjini Regensburg mbele ya Kaisari Ferdinand III. Mwaka 1657, huko Magdeburg, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba na kuondoa hewa ndani yake. Farasi 16, wanane kila upande, walihangaika kuzitenganisha. Hewa iliporudishwa kupitia vali, ziliachana bila nguvu.

Somo hilo ndilo humwongoza fundi wa leo. Mabomba ya shaba ya kiyoyozi yanapounganishwa, ndani yake mna hewa na unyevu. Hewa hiyo haigeuki kimiminika pamoja na gesi ya kupoozea. Hupandisha shinikizo na kuichosha kompresa. Unyevu nao, ukikutana na gesi na mafuta, huzaa asidi inayoila mashine kutoka ndani. Pampu hushusha shinikizo hadi maji yaliyobaki yachemke bila moto na kutoka yakiwa mvuke. Kisha fundi hufunga vali, huzima pampu na kuitazama geji. Mshale ukipanda, kuna tundu au unyevu uliosalia, kama lilivyovuja lile pipa la mbao. Ukitulia, ndipo gesi huruhusiwa kuingia. Anayeiruka hatua hii humkabidhi mteja kiyoyozi kinachopooza leo na huenda kikafa kabla ya wakati wake.

Guericke alichapisha kitabu cha majaribio yake mwaka 1672, akahamia Hamburg mwaka 1681, na kufariki huko mwaka 1686. Viyoyozi vilikuwa bado havijabuniwa, lakini kanuni ya kuvifunga ilikwisha kupatikana: hewa, ingawa haionekani, ni kitu, na haina budi kuondolewa kwanza.